Chumba Kisicho na Moshi

Mama yangu alianza kubanika samaki akiwa msichana, pale Kisorya, karibu na kivuko cha kwenda Ukerewe. Sato, sangara, kamongo, chochote ambacho ziwa lilitoa siku hiyo alikipanga juu ya kichanja, akawasha moto chini na kukaa nao mpaka samaki wakauke. Sisi watoto wake tulisomeshwa na moshi ule. Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba mapafu yake yamechoka, na kwamba kuanzia siku ile asikae tena penye moshi, alinigeukia mimi akauliza, "Sasa huyu anataka nikae wapi?"

Nikasema atakaa kwangu. Nilisema haraka, kabla kaka zangu hawajaanza kutazamana.

Ninaishi Musoma, mtaa wa Mwisenge. Mume wangu anafundisha Butiama na hurudi mwisho wa wiki, watoto wako shule za bweni, hivyo nafasi ilikuwepo. Tatizo likawa hewa. Jirani wa kulia anapika kwa mkaa. Wa kushoto anachoma takataka kila anapojisikia, na ukimsemesha anakuambia moshi unafukuza mbu. Nikifungua dirisha la mama, anakohoa. Nikilifunga, chumba kinakuwa tanuri. Ndipo tukaamua kumwekea kiyoyozi, na mtaa mzima ukanicheka: mtu anakaa ukingoni mwa ziwa, upepo wa bure upo, yeye anakwenda kununua baridi dukani. Niliwaacha waseme.

Mimi ni msimamizi wa vyumba katika hoteli ndogo hapa mjini, na viyoyozi nimegombana navyo vya kutosha. Watu wengi wakishakifunga ukutani wanadhani kazi imeisha. Chujio lisiposafishwa, mashine inameza vumbi na kumrudishia mgonjwa vumbi lile lile usoni. Kwa hiyo kila Jumamosi nilichomoa plagi, nikafungua mashine, nikatoa chujio, nikaliosha kwa maji na sabuni kidogo na kulianika kivulini, maana juani linajikunja. Kisha nilizunguka nyuma kwenye boksi la nje, na hapo ndipo penye kazi ya watu wa Musoma. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakitoka majini kama wingu, hawaendi mbali. Wanakuja kufia ndani ya boksi lako, katikati ya yale mabati membamba, mpaka linaziba na mashine inaanza kuhema. Nilikuwa na brashi kuukuu ya rangi kwa kazi hiyo tu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nikikasirika ninasafisha, kwa hiyo niliwakokoa huku nikiwatukana, mama akiwa nyuma ya kioo cha dirisha ananicheka mpaka anashika kifua.

Kitu cha pili nilichomwekea kilikuwa king'ora cha moshi. Hotelini hatuwezi kufanya kazi bila ving'ora. Watu wa zimamoto wakija kukagua wanatazama darini hata kabla ya kusalimia. Kwao nilijifunza kwamba king'ora hakikai jikoni, kitakusumbua kila ukikaanga kitunguu. Kinakaa darini, katika chumba anacholala mtu na kwenye korido, tena mbali na kiyoyozi, kwa sababu upepo wa mashine unaupeperusha moshi usikifikie. Kila mwezi unabonyeza kitufe usikie kama bado kina sauti, na betri unaibadilisha kabla haijakukumbusha. Nikajiuliza, kama mgeni wa kulala siku moja analindwa hivyo, mama yangu je? Mume wangu akapanda ngazi akavifunga viwili.

Siku nilipokijaribu cha chumbani, mama aliziba masikio.

"Hii dude inaogopa moshi?"

"Inaambia watu kuna moshi, mama."

"Mimi moshi naisikiaga kabla yake."

Sikumbishia. Pua ya mama ndiyo iliyokuwa mahakama ya nyumbani kwetu. Maziwa yakitaka kuchacha alijua kabla hayajafunuliwa. Kaka zangu walipoanza kuonja pombe walikamatwa mlangoni, hawajasema hata shikamoo. Samaki aliyelala, asiye wa siku hiyo, hakupita mbele yake, na wachuuzi walimchukia kwa hilo na kumheshimu.

Haukupita muda king'ora kikaanza kutulilia bure. Kumbe wale wadudu wa ziwani huingia hata humo. Mdudu akitambaa ndani, chombo kinadhani ni moshi. Watu wengi hapa mjini wakifika hapo wanatoa betri na kukiacha darini kama pambo. Nilikataa. Nilitafuta brashi laini, nikawa nakifuta siku moja na chujio. Na tukapanga na mama kwamba kikilia nikiwa kazini, yeye anuse vizuri chumba na korido, halafu anipigie kwa kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe, aniambie. Mara zote alinipigia akasema hakuna kitu, na kweli nilikuta hakuna kitu. Niliuamini mpango huo kuliko chombo chenyewe.

Kilichokuwa kinatugombanisha ni kingine. Kila jioni, tukishaomba na kabla hajagusa ugali, mama aliuliza, "Lini unanirudisha?" Kichanja chake alikiacha mikononi mwa wanawake aliokuwa akifanya nao kazi, na alikuwa na hakika hawajui kukitunza. Nilimjibu daktari amekataa. Alisema daktari amemkataza moshi, hajamkataza kukaa. "Nitakaa upande upepo unakotokea. Sitagusa kuni hata moja." Nikamwambia, "Mama, nakujua. Utagusa." Alicheka, kikohozi kikamshika, nikampa maji, na kesho yake akauliza tena kwa sauti ile ile.

Nilikuwa nachoka na swali hilo, na lilikuwa likiniuma. Kwangu jambo lilikuwa moja tu: akirudi kwenye moshi atakufa, akibaki chumbani kwangu nitakuwa naye bado kidogo. Nilitamani siku moja akae mezani, ale, asiulize.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Adhuhuri nilikuwa ghorofani hotelini nakunja mashuka, simu ikaita. Nilikisikia king'ora nyuma ya sauti yake.

"Mama," aliniita, kama anavyoniita siku zote, "wadudu wako wameingia tena kwa ile dude. Nimenusa chumba chote, hakuna kitu. Usihangaike."

Nikamwambia sawa, nitakifuta nikirudi. Nilirudia mashuka yangu. Dirisha la chumba hicho cha mashuka linatazama ukuta wa nje wa hoteli, ule unaoelekea ziwani, uliopakwa rangi nyeupe. Wadudu wakitoka, ukuta ule huamka mweusi, na mimi huamka na ugomvi na wasafishaji. Siku hiyo ulikuwa mweupe kabisa. Nilisimama na shuka mkononi nikautazama kutoka juu hadi chini, nikitafuta hata mdudu mmoja. Nilimpigia mama, hakupokea. Nilishuka ngazi na sare yangu ya kazi, nikasimamisha bodaboda barabarani, na njia nzima nilikuwa nikimwomba Mungu nikute ni wadudu.

Harufu ilinipokea getini. Plastiki inayoungua, ile inayokwaruza koo. Niliingia mbio. Chumbani moshi ulikuwa umetanda, mwembamba, na kiyoyozi kilikuwa kikiuzungusha huku na huku. Soketi yake ilikuwa nyeusi, imeyeyuka na kuteremka ukutani. Na mama yangu alikuwa amekaa kitandani, ungo mapajani, anachambua mchele. King'ora kilikuwa kikilia juu ya kichwa chake. Alikuwa akikohoa, lakini kukohoa kwake kulikuwa kwa siku zote, na macho yake yenye ukungu wa uzee alikuwa akiyafuta kwa ncha ya khanga.

"Na wewe," alisema, "si nilikuambia usihangaike?"

Nilizima swichi kubwa, nikamshika mkono, nikamtoa. Mchele ulimwagika wote.

Fundi alikuja alasiri. Alifungua kilichobaki cha soketi akanionyesha skrubu iliyokuwa imelegea ndani, waya ukawa unapata joto kidogo kidogo kila mashine ikiwaka, mpaka ukaungua. Alisema kiyoyozi kinatakiwa kiwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, na breka yake, kisichangie na kitu kingine. Kisha akalitazama pazia, lililokuwa limening'inia karibu na ile soketi, akafunga begi lake.

Lakini kabla ya fundi tulikuwa tumekaa barazani, mimi na mama, milango yote wazi nyuma yetu. Hofu ilikuwa bado haijaniisha, na mimi nikiogopa ninakuwa mkali.

"Mama, ulinusa nini?"

Alikung'uta punje za mchele kwenye khanga.

"Umeniambia umenusa chumba chote. Harufu iko mpaka getini. Ulinusa nini?"

Alikunja ncha ya khanga, akaikunjua. "Sinusagi tena," alisema.

Sikumwelewa. Nikadhani anasema amechoka na kazi ile niliyompa.

"Tangu lini?"

"Tangu bado niko Kisorya. Ilianza kwa mvua. Nilikuwaga najua mvua inakuja, halafu nikaona watu wanaanua dagaa, mimi nimekaa tu. Halafu samaki. Naambia wenzangu huyu mzima, huyu amelala, kumbe namwangalia macho na kumbonyeza tu."

"Na maziwa hapa nyumbani?"

"Naonjaga ukigeuka."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alinitazama kama anayepima iwapo nitaelewa. "Mwanangu, nilikuwa na nini kingine?"

Hasira iliniishia hapo hapo. Nililia kama mtoto, pale barazani, jirani wa mkaa akiwa amesimama kwenye ua wake na mwiko mkononi hajui aje au abaki. Nililia kwa sababu ya ile soketi, ndiyo. Lakini zaidi nililia nikimfikiria mama yangu akiinama juu ya chungu changu kila jioni, anavuta hewa, ananiambia leo umezidisha vitunguu, na hasikii harufu yoyote, anaona tu uso wangu ukisubiri.

Tulitengeneza kila kitu. Kiyoyozi kikapata waya wake na breka yake, pazia likahamishwa, jirani wa mkaa akakubali kuja na ushonaji wake kukaa na mama ninapokuwa kazini. Nilimwambia mama kwamba sasa sheria ni moja: kikilia unatoka nje, hunusi, hupigi simu, unatoka. Alikubali bila kubisha hata kidogo, na hilo peke yake lilitosha kunitia hofu.

Jioni ya siku ile soketi ilipoungua, aliomba, akala, hakuuliza kitu. Nilidhani ni mshtuko. Kesho yake hakuuliza, wala keshokutwa. Lile swali nililolichoka likatoweka mezani kwetu, na nilianza kulisubiri. Nilimaliza kuomba nikawa namtazama mdomo. Mwishowe nikashindwa, nikasema mwenyewe, "Mama, Jumapili nikupeleke Kisorya. Ukae upande upepo unakotokea, kama ulivyotaka."

Alitikisa kichwa. "Nilikuwa nataka kwenda kujaribu. Nilisema labda nikikaa karibu na kichanja changu itarudi. Ndiyo maana nilikuwa nakusumbua." Akamega ugali, akaushika tu. "Sasa moto umekuja mpaka kitandani kwangu na sikuujua. Haitarudi. Nenda wewe, uwasalimie. Waambie kichanja wakichukue."

Nilikwenda peke yangu, nikapitia Bunda. Wanawake wale walinipokea kwa mikono yote miwili, wakaniuliza anakuja lini. Nilipowapa ujumbe wa kichanja, aliyekuwa karibu zaidi na mama aligeuka akaanza kuwapanga samaki ambao tayari walikuwa wamepangwa. Nilishinda nao mchana kutwa. Sikuwa na haraka ya kurudi kwa mama na jibu lao.

Nyumbani nilioga na kubadili nguo zote kabla ya kuingia kwake, kama daktari alivyoagiza. Alikuwa amekaa ananisubiri, shuka magotini, kiyoyozi kikivuma taratibu.

"Walikuwa wanabanika?"

"Walikuwa wanabanika."

"Kwa kuni gani?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Moshi ule ulikuwa umeniingia machoni na kooni tangu asubuhi, ndio ulionilea, na sikujua ulikuwa wa mti gani. Nikamwambia, "Sijui, mama." Aliitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nimekula.