Benchi la Mama wa Fundi Saa

Kliniki ya Tabibu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, katikati ya duka la vipuri vya baiskeli na saluni ya wanawake, na mpita njia aliinusa kabla hajaiona. Mdalasini, karafuu, tangawizi kavu, na chini ya hizo zote harufu ya urukususu, ule mzizi mtamu ambao mtu akiutafuna mara ya kwanza hudhani ameramba peremende. Watu walimwita Tabibu tu. Wapo waliomwita Mganga wa Cheti, kwa sababu alianzia kwenye famasi, akauza vidonge miaka mingi, akachoka kuwapa watu dawa bila kuwauliza wanakula nini na wanalalaje. Akaenda chuo kusomea tiba asilia, akarudi na cheti akakitundika ukutani. Ramli hakupiga, nyota hakusoma. Alipima presha, akapima uzito, kisha akaanza maswali, na maswali yake yalisifika kwa urefu.

"Ukiingia kwa Tabibu na mafua," wifi yake alikuwa akisema, "utatoka umeungama."

Wifi huyo, dada wa mumewe, ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Alisaga, alichekecha, alifunga dawa, na aliongea kwa niaba yao wote wawili.

Miongoni mwa wagonjwa alikuwapo fundi saa mmoja, mwanaume mwembamba mwenye kijimeza chake nje ya posta. Hakuwa na mke wala mtoto. Aliishi na mama yake. Alikuja na vidonda vya tumbo, na kabla ya kuingia aligonga kioo cha mlango kwa ukucha, ti, ti, ti, taratibu, kama mtu anayeisikiliza saa iliyokwama. Tabibu alimpa maji ya shubiri na unga wa urukususu, akamkataza pilipili na kahawa, na tumbo likatulia. Akawa anakuja hata siku asizohitaji dawa, anaketi kwenye benchi la wagonjwa na kuwachekesha. Alipenda kusema kwamba saa zote alizotengeneza zilimshukuru kwa kumzeesha.

Kisha Tabibu akaona mambo mawili. Uzito wa fundi saa ulikuwa unashuka ingawa alisema anakula, na siku moja, kwa yale maswali yake marefu, akajua kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami.

"Kaka," akamwambia, "hapa pangu pameishia. Nenda hospitali wakakuangalie ndani kwa kamera."

Fundi saa akacheka kwa pua. "Hospitali ile watu huingia kwa miguu."

"Nakwambia nenda."

"Nipe tu unga wangu, Tabibu. Unanisaidia."

"Sikupi tena mpaka uniletee majibu."

Aliyasema hayo akiwa amesimama, mkono juu ya mkebe wa unga, mbele ya wagonjwa wengine. Fundi saa akamtazama, akainuka, akaaga kwa heshima. Kesho yake akaenda hospitali peke yake, na mfuko wa plastiki wenye kanga ya mama yake ya kujifunika. Walikuta uvimbe mkubwa. Wakampasua. Hakuamka vizuri, na kabla ya juma kwisha akafariki.

Ungewauliza wenye elimu wangekwambia Tabibu alifanya sawasawa kabisa, na uvimbe ule ungemuua tu, tena kwa maumivu zaidi. Lakini mtaa una elimu yake. Saluni walisema dawa za mizizi ndizo zilizomwozesha tumbo. Kwenye duka la vipuri walisema hapana, dawa zilikuwa zinamponya, kosa lake Tabibu ni kumtupa mtu kwenye visu vya watu. Maneno mawili yasiyopatana, na yote mawili yalimlaumu mtu mmoja.

Naye Tabibu akaanza kuisikia ile ti, ti, ti.

Aliisikia mchana kweupe, akiwa anapima unga kwenye mizani. Alinyanyua uso na kwenye kioo hapakuwa na mtu. Mara ya kwanza alidhani ni mvua. Mara nyingine alikwenda kufungua, na mwenye saluni, aliyekuwa anamwaga maji nje, akamwuliza kama anamtafuta mtu. Wifi hakusikia kitu. "Masikio yako yanahitaji likizo," alisema, lakini hakucheka aliposema hivyo, na tangu hapo akawa anauegesha mlango wazi kwa jiwe ili pasiwe na kioo cha kugongwa.

Ni kwenye mlango huo wazi alikoingilia mama wa fundi saa.

Alikuja asubuhi, amevaa nguo safi za kufiwa, akaketi kwenye benchi mahali palepale alipokuwa akiketi mwanawe. Tabibu alimjua kwa kumwona msibani. Akatoka nyuma ya meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekuja kutibiwa?"

"Nimekuja kukaa."

Akakaa. Wagonjwa waliingia, wakahudumiwa, wakatoka. Mama hakulia, hakusema na mtu, alishika mikono yake mapajani na kumtazama Tabibu akifanya kazi. Adhana ya adhuhuri ilipolia aliinuka akaaga. Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa. Ikawa ndiyo desturi.

Hakuna kisicho na mwisho isipokuwa macho ya mtu anayekutazama bila kukuuliza. Tabibu akawa anamwaga vitu. Akawa anasahau kama amekwisha tia asali au bado. Wagonjwa nao walilisoma benchi lile, wakaanza kusimama nje na kuingia mmoja mmoja wakipita upande wa pili wa chumba, kama watu wanaokwepa dimbwi.

"Wifi, huyu mama anatufukuzia watu," wifi alimnong'oneza nyuma ya pazia.

"Sasa nimwambie nini? Aondoke?"

"Mwulize anataka nini."

"Wewe ndiye mwenye mdomo. Mwulize."

Wifi akachungulia pazia, akamwona mama wa watu ameketi wima kama nguzo, akaliachia pazia, akarudi kusaga.

Kwa kuwa hakuthubutu kumwuliza mama, Tabibu akaiuliza dawa. Chuo alikosomea kilikuwa na maabara, na humo alikuwamo mtafiti aliyekuwa akichunguza dawa za asili: zipi zina kitu ndani yake, zipi ni hadithi, na zipi zinagombana na vidonge vya hospitali. Tabibu alimpelekea unga uleule aliompa fundi saa, na maji yaleyale ya shubiri. Akaketi kwenye kiti cha mgeni kama mshtakiwa anayengoja hukumu.

Majibu yalipotoka mtafiti alimpigia simu aje mwenyewe. Hapakuwa na ukungu, hapakuwa na madini ya risasi wala zebaki, hapakuwa na kilichochanganywa kisichostahili. Dawa ilikuwa safi.

"Huyo mgonjwa wako hakuuawa na hii," mtafiti alisema. "Huna hatia, pumzika."

Kisha, kwa kuwa watafiti hawajui kuishia hapo, akaendelea. Akamweleza kuwa siku hizi urukususu unatazamwa kwa makini. Kwa kipindi kifupi, kwa mtu mwenye presha nzuri, hauna neno. Lakini ukinywewa kwa muda mrefu unaufanya mwili ushike chumvi na maji, na kuipoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige kwa mpangilio. Presha inapanda, miguu inavimba, misuli inalegea. Zipo taarifa za watu waliofikishwa hospitali kwa kunywa chai yake tu kila siku. "Waambie wagonjwa wako," alisema, "mtamu si lazima awe mpole."

Tabibu akarudi kazini na ule ukweli wake. Alidhani utakuwa mto wa kulalia. Ukweli ulikuja, utulivu haukuja. Mama alikuwa kwenye benchi, na kioo, ingawa mlango uliegeshwa kwa jiwe, kiligongwa ti, ti, ti.

Aliinamisha kichwa ili asimtazame mama usoni. Ndipo akaiona miguu yake.

Ndala zilikuwa zimezama nyamani. Vifundo havikuonekana, mguu ulishuka wima kama mchi wa kutwangia. Tabibu akaacha mizani yake, akapiga magoti chini, akabonyeza kwa kidole, na kishimo kikabaki pale kilipobonyezwa.

"Mama, miguu imeanza lini hivi?"

"Uzee."

"Mama, unakunywa nini nyumbani?"

Mama aliivuta kanga yake akaifunika miguu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyekutwa jikoni, "Nakunywa ya mwanangu. Aliacha nyingi. Nikaona kuimwaga ni kama kumwaga yeye."

"Na ilipokwisha?"

"Nilinunua mizizi kwa muuza viungo. Naichemsha asubuhi na jioni. Nyumba inanukia kama alivyokuwa akinukia akitoka hapa kwako."

Tabibu akamfunga mkanda wa presha. Akasoma, akadhani amekosea, akafunga tena. Akashika kiganja cha mama na kuusikiliza mshipa: ulipiga, ukaruka, ukapiga haraka haraka, ukasita. Wifi alisimama na chekecheo mkononi. Maneno yaliyotakiwa kusemwa Tabibu aliyajua. Aliwahi kuyasema mahali pale pale.

"Mama, hapa pangu pameishia. Inabidi hospitali."

Mama akavuta mkono wake. "Ndivyo ulivyomwambia yeye."

"Ndivyo nilivyomwambia."

"Neno kwa neno. Alirudi nyumbani akanisimulia. Alisema, Tabibu amenifukuza, mama, lakini amenifukuza vizuri." Akatazama mlango. "Usinitume kule."

Tabibu alibaki amepiga magoti. Baadaye alimwambia wifi kwamba wakati ule alikuwa na hakika kabisa kuna mtu mwingine ameketi kwenye benchi pembeni ya mama, amekunja miguu yake myembamba, anangoja kusikia atasema nini. Hakugeuza macho kumtazama.

"Sikutumi," akasema. "Yeye nilimtuma. Wewe nakupeleka."

Akamwambia wifi afunge. Wakamwinua mama huku na huku, wakasimamisha teksi, na njia nzima mama aliyafumba macho na kuubana mkono wa Tabibu mpaka vidole vikafa ganzi. Getini mama alisimama, akasema miguu haiendi. Tabibu hakumvuta. Walisimama pale jua likiwachoma, watu wakiwapita, mpaka mama mwenyewe aliponyanyua mguu mmoja.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mwenye haraka lakini mwenye masikio. Tabibu alimweleza juu ya mizizi, kiasi na muda. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaagiza damu ipimwe na moyo ufuatiliwe, na majibu yakathibitisha: potasiamu ilikuwa imeshuka vibaya. Wakamwekea dripu, wakamkataza kabisa ule mzizi. Daktari alisema kwamba mama angeendelea kuinywa chai yake, moyo ungesimama tu siku moja, na watu wangesema amekufa kwa majonzi.

Tabibu hakuondoka. Aliketi kando ya kitanda, na jioni, mama alipopata nguvu kidogo, ndipo akasema bila kuulizwa.

"Siku ya kwanza nilikuja kukutukana. Nilikuwa nimeyapanga matusi yangu vizuri, moja baada ya jingine. Nikafika, nikakukuta unapima dawa ileile mara tatu. Nikasema, ngoja nikae kwanza. Nilitaka kujua kama unalala. Mtu anayelala humjui kwa kumwuliza, unamtazama."

"Na ukaonaje?"

"Hulali." Mama akageuza uso upande wa ukuta. "Ikanituliza. Mungu anisamehe, ilinituliza. Nikawa nakuja kutulizwa."

Tabibu hakujua kama hayo ni msamaha au ni kitu kingine kisicho na jina. Alimtengenezea shuka.

Mama alipona. Binti yake aliyeolewa mji mwingine akaja kumchukua, na siku ya kuaga walipita kliniki. Mama hakuketi, alisimama mlangoni, akamwombea Tabibu heri, akaenda. Wagonjwa wakarudi kwenye benchi kama vile hapakuwahi kutokea kitu. Wifi akaliondoa lile jiwe mlangoni.

Urukususu Tabibu hakuutupa. Aliuhamishia rafu ya juu, akawa hampi mtu kabla ya kumpima presha, na kila aliyepewa aliambiwa siku ya kuacha, aliambiwa mpaka akaudhika. Lakini lililobadilika zaidi ni kwamba hakumtuma tena mtu hospitali peke yake. Akimwona mgonjwa wa kuambiwa hapa pangu pameishia, huvua koti lake jeupe, huchukua mkoba, hutoka naye.

"Tumekuwa wasindikizaji," wifi hulalamika. "Kesho tutafungua kampuni ya teksi." Na huku analalamika anamletea viatu.

Akishamfikisha mgonjwa wake, hapiti njia fupi ya kutokea. Hupita wodi ya wanaume, mpaka kitanda cha karibu na dirisha, kile alichoonyeshwa na wauguzi alipouliza fundi saa alilazwa wapi. Hakiwi kitupu. Mara ni mzee, mara ni kijana wa pikipiki aliyevunjika mguu. Juzi alikuwapo mwanaume wa makamo, amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Pole, kaka," Tabibu alimwambia.

"Nimeshapoa," yule mtu akajibu, akamkazia macho. "Tunafahamiana?"

"Hapana," Tabibu akasema. Akavuta kiti, akaketi kidogo.