Siku Niliyosimama kwa Ajili ya Daktari Mkuu

Nilisimama kwa miguu isiyofanya kazi, na kusimama kule kukamvunja mtu mwingine mgongo.

Nisikilizeni kwanza, ndipo mcheke.

Mimi ni Jumadil, mtu wa milima ya Naryn. Nimeendesha lori, nimeuza sufu, nimechunga farasi wa watu. Kijiji hakikuwahi kunishika.

Kisha farasi mmoja akanibwaga kwenye mawe. Kuanzia kiunoni kushuka chini nikawa gunia.

Kwenye wodi ya mazoezi wakanikalisha mbele ya meza: daktari kijana, nesi, na Burul, dada wa mazoezi, mdomo wembe. Wote wanatumia kipimo kimoja, maswali yaleyale.

"Miguu tumeshaiona, mzee," Burul akasema. "Leo tunapima maisha. Choo chako kiko uani kwenye barafu. Nani anakufikisha? Usijifanye dume hapa. Sema kweli upate kiti cha magurudumu na msaidizi."

"Sawa, binti."

Pembeni kakaa mwanangu Maksat. Nyuma yake mkewe, Nurzat, kainamisha kichwa. Kwetu mke wa mwana hasemi mbele ya baba mkwe.

Mlango ukafunguka. Akaingia daktari mkuu, mzee Sagynbay, ndevu nyeupe pee.

Mzee aingie, mimi nimekaa? Sikulelewa hivyo.

Nikaikamata meza, nikajivuta kwa mikono, nikasimama. Jasho chururu. Mkono kifuani.

"Asalaam aleikum, mkubwa wangu!"

"Kumbe anasimama!" daktari kijana akashangaa.

Burul akanikata jicho. "Kaa chini wewe! Nani kakutuma?"

Ikawa imeshaandikwa: anasimama.

Burul akamgeukia Maksat. "Na nyumbani? Anahangaika?"

"Baba yangu ahangaike, mimi nipo? Hapungukiwi kitu!"

Angesemaje? Kijiji kizima kingemcheka.

"Na wewe, dada?"

Nurzat akavitazama viatu vyake.

Maksat akiwa malishoni, yeye ndiye anayenibeba mgongoni hadi chooni. Nikafungua mdomo niseme. Nikamwona mwanangu alivyotunisha kifua. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Kiti na msaidizi hatukupata. Kipimo hakikukosea. Tulikidanganya sisi, kwa adabu zetu nzuri.

Baridi ikaja. Asubuhi moja Nurzat kanibeba, akateleza. Nikamwangukia. Kitu mgongoni mwake kikalia *ka!*

Nikalala pale juu yake kama jiwe. Siwezi kumwinua, siwezi hata kumwondokea. Nikaita watu. Mbwa wakanijibu.

"Baba," akasema chini yangu, "nisamehe."

Tangu aolewe, hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

Theluji ilipoyeyuka tukarudi kwenye meza ileile. Safari hii anayepimwa ni Nurzat.

Mzee Sagynbay akaingia. Nurzat akaikamata meza, anajivuta.

"Kaa, mwanangu!" nikapiga kelele. "Kaa! Sema yote, mbele yangu."

Akanitazama. Akavitazama viatu vyake.

"Sina shida," akasema.

"Anayo!" nikadakia. "Usiku halali, ndoo hainui..."

Burul akaweka kalamu chini. "Mzee, leo ndiyo unamsemea?"

Nikavitazama viatu vyangu.

Wewe unayenisikiliza hapa, ukiulizwa nani anakubeba, mtaje siku hiyohiyo, hata mwanao akifedheheka.

Wangu anaitwa Nurzat.