Mama Yangu Amesema Hana Mtoto Ili Ajengewe Nyumba

Admin, naomba unifichie jina kabisa, maana huku Guangzhou Watanzania tunajuana. Nina miaka ishirini na saba. Nina mtoto wa kike anayejifunza kuongea, namlea peke yangu, baba yake yuko Dar anapokea mizigo. Kazi yangu ni kuwanunulia watu nguo na viatu kwenye soko la Zhanxi. Nashinda na mtoto mgongoni, tukirudi chumbani mtaa wa Xiaobei sina hata nguvu ya kuvua viatu.

Kwetu ni mlimani. Mvua iliposhusha tope, nyumba ya mama ilifunikwa yote, akatoka na khanga aliyojifunga tu. Mimi wakati huo nilikuwa huku China, nimetoka kujifungua kwa upasuaji, hata kukaa siwezi. Mama akalala kwenye darasa la shule, kisha kwenye hema. Baadaye shirika moja la kanisa likaanza kuwajengea waathirika nyumba za bei nafuu. Utaratibu wao, mwenye mtoto anayejiweza anachangia kidogo kidogo na kusubiri zamu. Asiye na mtu kabisa anajengewa bure, tena anatangulizwa. Mama aliniambia tu, "Nimepata nyumba, mwanangu, Mungu mkubwa." Nililia kwa furaha. Sikuuliza kaipataje.

Sasa Jumapili iliyopita, kwenye ibada yetu ya Kiswahili huku, mchungaji akatuonyesha video ya zile nyumba, kwa kuwa na sisi tulichangia mabati. Mara namwona mama yangu kasimama mlangoni. Anaulizwa ana watoto wangapi. Akatazama chini, akasema, "Sina mtoto. Nina Mungu tu."

Watu wakafuta machozi. Dada mmoja wa kwaya akanifinya. "We! Huyo bibi mdomo kauiba kwako! Hamna undugu kweli?" Nikacheka. Jamani, nilicheka.

Kesho yake Zhanxi nikaulizia saizi ya viatu, laoban, yaani mwenye duka, akanijibu, "Meiyou," yaani sina, hakuna. Neno hilo nalisikia kila siku. Siku hiyo nikaangua kilio mbele ya maboksi. Yule mama wa Kichina akanisogezea kigoda, akanipa maji ya moto. Hakujua nalilia nini.

Nikampigia mama. "Mama, mimi ni nani yako?"

Akasema, "Wakisikia nina mtoto China wanajua mimi tajiri. Ningeozea kwenye hema."

"Ndiyo unikane mbele ya kamera?"

"Waliponiuliza, nikakumbuka siku ya tope. Nilikuwa na nani?"

"Mama, nilikuwa na mshono."

"Najua. Sikulaumu mwanangu. Ila nilikuwa na nani?"



Halafu kuna jirani yetu, mjane. Yeye alisema ukweli kwamba ana kijana wa bodaboda mjini. Mpaka leo yuko kwenye hema na wajukuu, anasubiri zamu. Nikamwambia mama tuwaeleze viongozi ukweli, nianze kuchangia hata kwa kubana chakula. Akasema, "Ukisema wananitoa. Basi nitoe wewe, kwa mkono wako."

Sasa ibada yetu imemchukua kuwa bibi yetu sote. Jumapili hii watampigia kwa video tumwombee, na wimbo nimepangwa kuuongoza mimi. Mama anajua. Jana kaniambia kwa upole kabisa, "Ukiniona usibabaike. Nipe shikamoo kama wenzio, uniite bibi."

Mwanangu akimwona kwenye simu hupiga kelele, "Bibi! Bibi!" Yeye hakuna atakayemshtukia, watoto wote watamwita hivyo. Mimi je? Mama yangu nampenda, sitaki arudi kwenye hema. Lakini yule mjane naye ni mama wa mtu, na siwezi kusimama kanisani niuimbie uongo.

Ndugu zangu, naomba mnishauri kama mnavyomshauri dada yenu. Simu ikiunganishwa, nimwambie shikamoo bibi, au shikamoo mama?