Shangazi na Shela ya Watu

Shangazi yangu ni fundi cherehani, ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho. Mdomo wake hushinda umebana pini, kwa hiyo ukimuudhi anakujibu kwa jicho, na jicho lenyewe linachoma kuliko pini.

Kengele ya moto ya jengo letu ina tabia ya mbwa mzee: hubwekea hata kivuli. Fundi simu wa jirani akiunguza waya, inalia. Basi ilipolia juzi hakuinuka mtu. Bwana Suti, mteja ambaye kiuno kimehama lakini anang'ang'ania vipimo vya zamani, alifunua ukurasa wa gazeti. Bibi harusi, ndani ya gauni lililoshikizwa kwa pini, akasema, "Shangazi, malizia pindo. Kesho naolewa."

Moshi ukapenya chini ya mlango. Tukatazamana. Kila mmoja alimchungulia mwenzake aone kama ameogopa, na kila mmoja alijikaza asionekane mwoga, tukaafikiana kimyakimya kwamba hakuna moto.

Shangazi akatema pini. "Tokeni."

"Si fundi simu huyo na waya zake," Bwana Suti akasema.

"Fundi simu hajaja leo, baba."

"Basi tusubiri tusikie wenzetu wanasemaje."

Shangazi hakubishana. Alizoa nguo zote kwenye kamba, suti ya mzee ikiwa juu, akachomoka nazo.

"We mama, suti yangu!" Mzee ambaye kengele haikumtikisa aliruka kiti kama swala, nasi nyuma yake. Akabaki bibi harusi kwenye kioo, maana gauni lake lilikuwa mwilini. Shangazi akarudi, akanyakua shela mezani, akatoweka.

Huyo bibi harusi ngazini, pini zikimdunga kila hatua: "Mwizi, aah, mshikeni, aah, shela yangu!" Ghorofa ya pili, waliokuwa wametulia na kengele yao, wakatoka wote kufuata ugomvi. Ya kwanza vilevile. Moto unaweza kusubiri, ugomvi hausubiri.

Tulipofika barabarani, dirisha la stoo ya vitambaa, mlango wa pili kutoka kwetu, likapasuka na ulimi wa moto ukatoka. Bwana Suti akaipakata suti yake kama kichanga.

Zimamoto walipouzima, mmoja akamuuliza Shangazi amewatoaje watu wote hawa.

"Sijamtoa mtu, mwanangu. Wamenifukuza."

Kisha akapiga goti kwenye lami, akaokota upindo wa gauni. "Simama wima, bibi harusi. Kesho unaolewa."