Mkimbiaji wa Mungaa Aliyetaka Kusikika

Wasikilizaji wangu wa Singida wamezoea, hawaulizi tena. Wageni ndio huuliza: huyu Njiku Mghenyi unayemtaja kila jioni kabla ya matokeo ya michezo ni nani, mbona timu yake hatuijui? Bosi wangu huwajibu kwamba ni mbwembwe za kituo. Si mbwembwe. Leo naeleza yote, na usiponiamini shauri yako. Mimi niliona kwa macho yangu mchana kweupe, na mdomo unaolipa mpaka leo ni huuhuu wangu.

Ilikuwa miaka ile redio za watu binafsi zilipoanza kuruhusiwa. Yetu ilikuwa vyumba viwili vya kupanga pale Utemini, kuta tumezibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Mimi nilikuwa kibarua. Kila mwezi naambiwa nitaajiriwa mwezi ujao. Ndipo yakaja mashindano ya kimataifa ya mbio za vilimani, huko Mungaa, na Wakenya, na Waethiopia, na Wazungu wenye viatu vya rangi ya limau. Bosi akaniita akaniambia, "Ukiniletea sauti ya mshindi tukairusha saa moja jioni, kabla ya watu wa Dar, mkataba wako nausaini. Ukishindwa, tafuta kazi nyingine." Alisema akicheka, lakini namjua, akicheka ndiyo amemaanisha.

Sasa watu wa Dar walimtuma nani? Yusta. Tulisoma wote Sepuka, tukaanza kazi wote hapohapo kwenye trei za mayai, kisha redio moja ya Dar ikamchukua yeye, mimi ikaniacha. Nilimwonea wivu, nasema wazi, wivu wa kukosa usingizi. Alirudi na miwani ya jua, Kiswahili cha kuvutavuta, na kinasa sauti kidogo cha kuingia kiganjani. Changu kilikuwa kizito kama tofali, nakivaa begani kwa mkanda wa ngozi, na kaseti nilikuwa nayo moja tu.

Waandishi tulitengewa darasa shuleni pale Mungaa. Kulikuwa na simu mbili zilizovutwa kwa ajili ya mashindano, mashine ya faksi, chupa za chai, maandazi, na ofisa habari aliyekuwa anagawa vizibao. Chekundu ni cha kusimama mstari wa kumalizia, pale wanapopatikana washindi. Cha njano ni cha kukaa njiani. Yusta akapewa chekundu. Mimi ofisa habari akanitazama, akasema, "Dada, wewe ni mwenyeji, njia unazijua," akanipa cha njano. Yusta akanishika bega. "Pole shoga, ndiyo taratibu za kimataifa." Taratibu gani? Nikakivaa cha njano.

Basi nikapelekwa nyuma ya kilima cha mawe, kwenye meza ya maji. Wewe niambie, mtu anapita anahema, utamuuliza nini? Nilirekodi vishindo vya miguu na "asante" mbilitatu, upande mmoja wa kaseti ukaisha. Alipopita wa mwisho, likaja gari kutukusanya, maana mshindi alikuwa anasubiriwa azungumze na waandishi wote darasani. Mbele, pembeni ya dereva, nani kakaa? Yusta, kaja kutalii. Akatoa kichwa dirishani. "Panda huko nyuma shoga, kwenye mapipa ya maji." Nikamwambia nitatembea. Kulikuwa na njia ya mkato katikati ya mawe, na niamini, hata leo kwenye mapipa yale nisingepanda.

Jua lilikuwa utosini na upepo umechachamaa. Upepo wa Singida unaujua? Kizibao changu kilikuwa kinanipiga usoni, vumbi linaingia hadi kwenye meno. Nimetembea kidogo nikasikia mtu nyuma yangu. "Dada wa redio, nisubiri."

Nikageuka. Kijana, peku, kaptula ya kaki, fulana nyeupe iliyoshonewa namba kifuani kwa uzi, na namba yenyewe imechorwa kwa mkono. Nikajua ni kijana wa kijijini kajichomeka kwenye mashindano, wapo wa hivyo kila mahali. Nikamwambia, "Umechelewa kaka, yamekwisha."

"Sijachelewa. Nimekuwa wa kwanza."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikitazama kinasa sauti changu, akauliza kwa Kiswahili chenye Kinyaturu kingi ndani, "Hicho ndicho kinachopeleka jina redioni?" Nikasema ndicho. "Basi lipeleke langu."

Hapo nikawaza nini? Nikamuwaza Yusta. Nikasema huyu Yusta hana, huyu ni wangu peke yangu, kituko cha mwanakijiji anayedai kawashinda Wakenya kitawachekesha wasikilizaji. Nikageuza kaseti, nikabonyeza, nikauliza tunavyouliza siku zote: taja jina lako na unakotoka.

"Naitwa Njiku Mghenyi, wa hapa Mungaa. Nimekuwa wa kwanza. Aliyetajwa alikuwa wa pili. Nilimwacha kwenye mawe yale, hata mgongo wangu hakuuona. Lakini wanamtaja yeye. Kila anapopita wanamwita yeye mshindi, anakula ushindi wangu, na mimi namwona."

Sauti aliyomsemea huyo wa pili niliitambua. Ilikuwa sauti yangu mimi nikimsema Yusta. Nikataka kumuuliza huyo mtu ni nani, nikainua macho, ndipo nikaona fulana yake. Kizibao changu kilikuwa kinapepea kinataka kunitoka, majani yote pale chini yamelala kwa upepo, na fulana ya yule kijana imetulia kimya kifuani. Hata uzi mmoja wa ile namba haukutikisika.

Wewe ungefanya nini? Ukimbie, umkimbie mkimbiaji? Nikasema kile ambacho waandishi wote tunasema tunapotaka mtu atuondokee. Nikasema, "Sawa kaka, utasikika leo saa moja."

"Saa moja?"

"Saa moja."

"Kabla ya yule?"

"Kabla ya wote."

Akatabasamu. Alikuwa kijana mzuri, sikatai. Akanipita, akapanda mbio mlima wa kokoto tupu, na kokoto hata moja haikuporomoka. Mimi nikashika njia ya shuleni, na sikumbuki nilivyofika.

Darasani mshindi alikuwa ameshaketi, Mkenya mpole, waandishi wamemzunguka. Kaseti yangu ilikuwa moja, upande mmoja vishindo, upande wa pili yule. Nikarudisha nyuma, nikamrekodi Mkenya juu yake. Mwandishi gani wa miaka ile hakufanya hivyo? Tena nilifurahi kumfuta, nilitaka aondoke kwenye mashine yangu kabisa. Mkenya alipomaliza, Mungu akanipa na raha yangu ndogo: upepo ulikuwa umekata simu zote mbili, na Yusta, na kizibao chake chekundu, amesimama kwenye foleni ya simu iliyokufa. Nikampungia mkono, nikapanda pikipiki ya kituo kwenda mjini.

Saa moja kamili nilikuwa mbele ya kipaza sauti. Dar walikuwa hawajasema neno. Karatasi ya matokeo iko mbele yangu, kidole changu kiko juu ya jina la Mkenya. Nikasema, "Mshindi wa mashindano ya kimataifa ya mbio za vilimani ni," na mdomo ukasema, "Njiku Mghenyi, wa hapa Mungaa."

Nikakohoa, nikaomba radhi, nikarudia. Njiku Mghenyi, wa hapa Mungaa. Nyuma ya kioo bosi ameshika kichwa. Nikajaribu tena, nikiliangalia jina la Mkenya herufi kwa herufi, na mdomo wangu ukamaliza yote kama alivyosema yeye, nimekuwa wa kwanza, aliyetajwa alikuwa wa pili. Ndipo ukaniachia. Nikasoma la Mkenya vizuri, nikaweka kaseti, sauti yake ikatoka safi. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Bosi aliniambia palepale, mbele ya fundi mitambo, nisirudi kesho.

Kesho yake nikarudi kuchukua mwavuli wangu. Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa mama mtu mzima, kanga mbili, miguu imejaa vumbi, amekuja na gari la kwanza kutoka Mungaa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiwe uliyemtaja Njiku?"

Nikakaa. Akanieleza. Njiku alikuwa mume wake, enzi hizo yeye msichana na mimba ya kwanza. Njiku akashinda mbio za wilaya. Kijiji kizima kikakusanyika dukani penye redio moja kusikiliza jina lake. Sasa aliyetumwa kupeleka majina mjini alikuwa ndugu wa yule wa pili, na lililotajwa likawa la wa pili. "Walimcheka," akasema. "Walimwita mwongo mbele yangu. Akainuka usiku uleule aende mjini kudai jina lake, akapita njia ya mkato. Walimkuta chini ya mawe."

Nikamweleza nilivyomwona, kila kitu, hata fulana. Nilidhani atalia. Hakulia. Uso wake ulikunjamana, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Bado kijana?"

"Bado kijana, mama."

Akaiangalia mikono yake, akaificha ndani ya kanga. "Njia ile nimepita na kuni, nimepita na maji, nimepita na mtoto mgongoni mpaka mtoto mwenyewe kaoa. Sijawahi kumwona hata kivuli. Wewe una nini, mpaka akutokee wewe?"

"Nilikuwa na kinasa sauti, mama."

"Aliniulizia?"

Nikasema, "Alisema nikusalimie."

"Usinidanganye. Njiku hakuwa mtu wa salamu." Akasimama, chai akaikataa, akaondoka bila kuniaga. Bosi alikuwa amesimama mlangoni kasikia yote, na kwa kuwa simu za wasikilizaji zilikuwa zimelia tangu alfajiri wakimuulizia Njiku, aliniita ndani akasaini mkataba. Ndivyo nilivyopata ajira.

Tangu hapo siwezi kusoma matokeo yoyote, ya mpira, ya ngumi, hata ya bao, bila jina lile kutangulia. Nimejaribu kuliruka, koo linafunga kabisa, fundi anaweka muziki. Yusta amekuwa mkubwa Dar, na nimewahi kumsikia akisema eti mwenzake wa Singida ana kilema cha mdomo. Aseme. Huyo siku hizi hanisumbui.

Anayenisumbua ni yule mama wa Mungaa. Mtoto wake amemnunulia redio. Jirani zake wanasema kila jioni saa moja huifungua, huketi kuingojea sauti yangu, na nikishamtaja Njiku huizima kwa hasira, matokeo hayamhusu. Mkwe wake alimuuliza kwa nini anasikiliza kitu kinachomuudhi. Akasema, "Huyo mwanamke anamtaja mume wangu kila siku kama wa kwake."

Kwa hiyo wewe unayeanza kushika maiki, unayekwenda kwenye mashindano na kadi yako shingoni, sikiliza. Mtu akikusimamisha akakupa jina lake, usimwambie atasikika kama huna nia ya kumrusha hewani, na ukiwa peke yako njiani angalia kwanza kama upepo unamgusa. Mimi nilitamani sana nionewe wivu, kama nilivyomwonea Yusta. Nimempata mmoja wa kunionea. Saa moja ikikaribia huwa najua ameshaketi na redio yake mapajani, na mimi nafungua mdomo, namwitia mume wake.