Yaya, Kuya

Nyumbani kwetu Kolwezi tuko wawili tusiopenda kusema. Mimi ni mkubwa, nimeishia darasa la sita, na nikinyamaza mbele ya wageni watu humsifu mama kwamba amenifundisha heshima. Mdogo wangu wa kike akinyamaza, wanauliza ni ugonjwa gani. Yeye hakuwa amewahi kumwita mtu yeyote, hata mama.

Mama mmoja wa parokia alianza kuwakusanya watoto kama yeye kila Jumamosi, siku tunayoiita posho, na kuwapeleka kwenye kipande cha pori kilichobaki nyuma ya mashamba, mbali na vumbi la malori ya madini. Kila mtoto alikwenda na mtu wa kwao, na wa kwetu nilikuwa mimi. Jirani mmoja alizoea kusimama mlangoni pake na kusema, "Banapeleka batoto ku malisho sawa mbuzi. Kamba iko wapi?" Mimi niliinamisha kichwa na kuharakisha. Nilitangulia kidogo, nisionekane sana kuwa tuko pamoja.

Porini hakuna aliyelazimishwa kusema. Watoto walivua viatu, wakabeba maji ya miche wawili wawili, ndoo ikiwa katikati yao, kisha kila mmoja akachagua mti wake na kukaa chini yake kusikiliza. Mjini, machimbo ya kariere yakipasua mawe kwa baruti, mdogo wangu huziba masikio na kujigonga kichwa ukutani. Chini ya mti wake mikono ilitulia mapajani.

Mvua zilipoanza tulitafuta uyoga. Nilikuwa nimeinama kumtoa mtoto mwingine mwiba niliposikia sauti nisiyoijua.

"Yaya, kuya."

Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, na kuya ni njoo. Nilipogeuka nikamwona mdogo wangu amechuchumaa, ananiangalia, kidole kimeelekea uyoga mkubwa chini ya majani. Nikaja. Hakusema tena. Hakuna mwingine aliyesikia.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba nyumbani watamsimamisha katikati ya ua na kumwamuru arudie mbele ya majirani. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Kueleza kungenilazimu kusema maneno mengi mbele ya tata, baba yetu, na tata akinitazama maneno hunikaukia. Tena nilitaka neno lile libaki langu.

Haukupita muda, tata akachoka na vicheko vya majirani. Tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, akaniuliza, "Weye unaendaka naye. Kuko kitu inabadilika?"

Niliangalia sahani. Alingoja sana, kisha akamgeukia mama.

"Unaona? Hata yeye anaona hakuna. Aache."

Nilijua anakosea, na sikufungua kinywa.

Posho iliyofuata mdogo wangu alichukua kikapu chake, akasimama mlangoni. Mama akamwondolea kikapu. Akaendelea kusimama pale mikono mitupu, hata wenzake wakapita kwenda, hata wakapita kurudi. Hakulia. Mimi nilikuwa ndani, namwona mgongo.

Jioni nilimfuata tata alipokuwa akinawa.

"Tata, alisemaka. Kule ku pori. Aliniita yaya."

Aliuliza lini. Nikamwambia ni kabla hajamkataza. Alikaa na mikono juu ya beseni, maji yanadondoka.

"Na ulinyamaza?"



Sasa tata huja nasi mwenyewe. Jirani akianza habari za mbuzi, tata humwambia kamba ameisahau nyumbani. Porini hukaa nyuma ya mti wa binti yake, kofia magotini, akisikiliza. Lakini msimu wa uyoga umepita na mdogo wangu hajasema tena. Mama wa parokia anasema tusimharakishe. Mimi nafikiria ile siku ya mlangoni, kama ndiyo iliyolifunga neno lake, nami namkwepa macho.

Juzi, watoto wakiwa wanamwagilia miche, tata alinivuta kando akaniuliza, polepole, kama mtu anayeomba.

"Alisemaka namna gani? Na sauti kubwa ao ndogo?"

Niliona haya. Kisha nikamwonyesha, kwa sauti ya mdogo wangu, nyembamba, ya haraka. "Yaya, kuya."

Tata akafumba macho, akaniomba nirudie.