Yaya Aliyesimama Mchangani

Harufu ya kitambaa kibichi chenye sabuni hunirudisha Saltley, mtaa wa Birmingham, sebuleni kwetu, nikiwa na miaka saba. Mpaka leo, msomaji wangu, naosha vyombo nikiwa nimebana pumzi.

Ukutani ilikuwapo picha ya rangi za maji. Papa, baba yangu, alipewa na bibi mmoja wa Sutton Coldfield ambaye yeye Papa alikuwa akimhudumia kwa kazi, akimwogesha na kumlisha. Bibi alisema ina karibu miaka mia mbili. Bahari imetulia, ng'ombe wawili wanaota jua, na mchangani amesimama msichana wa urefu wa kidole gumba. Kioo chake kilivunjika tulipohama, hatukuweka kingine. Papa alishikilia kwamba pale ni Uvira, mji wa kwao, kando ya ziwa. Mimi, mzaliwa wa Birmingham, niliwaona wale ng'ombe kuwa Waingereza watupu.

Kila asubuhi kabla ya shule alinisimamisha mbele ya yule msichana wa pichani. "Salimia yaya yako." Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

"Good morning, yaya," nilijibu. Nilijua ni mchezo wetu, na niliupenda sana.

Jumamosi moja kikundi cha maombi kilikuwa kinakuja. Mama akaita toka jikoni: "Bageni banakuya! Kila mutu anawe sura!" Nikanawa uso. Kumtazama yaya, ana doa la kahawia shavuni. Niliona aibu sisi tuwe safi, yeye mchafu. Nikapanda kiti, nikamfuta kwa kitambaa cha vyombo. Akatoka mzima mzima, pamoja na mchanga aliousimamia.

Papa hakunipiga. Nilitamani anipige. Wageni walipoketi, Biblia magotini, aliwaambia: "Leo tusiombe. Tulie. Mutoto wangu amekufa."

Nilidhani ananisema mimi. Mama akaanguka sakafuni, akapiga yowe ambalo sijalisikia tena.

Nilikuwa mkubwa Mama aliponieleza. Siku walipokimbia vita, yaya wangu wa kweli, binti yao wa miaka mitano, aliponyoka mkononi mwa Papa ufukweni Uvira, watu wakigombea mashua. Mwili haukupatikana, wala hawakuwa na picha yake hata moja. Ndugu walimsihi Papa aweke matanga, akakataa miaka yote, akisema anayengojwa haliliwi. Asiye na mwana aeleke jiwe, husema wahenga. Papa alieleka karatasi.

Nami siku ile, juu ya kiti, nilidhani namwandaa yaya kupokea wageni. Kumbe nilikuwa naosha maiti.